Kupoza si Kuponya

Jumamosi moja mwanzoni mwa mwaka huu nilikuwa nimesimama kituoni Embulbul nikingoja matatu ya kwenda mjini, ulipopita mkokoteni uliosheheni mitungi ya maji. Aliyeukokota ni punda mmoja wa kijivu, mnyonge wa umbo. Kila alipoukanyagia mguu wa mbele wa kushoto, kichwa chake kiliinuka ghafla kama cha mtu aliyekanyaga kaa la moto. Nyuma ya muundi wa mguu huo palikuwa pamevimba na kubenuka mfano wa upinde. Mwenye mkokoteni, kijana wa miaka ishirini na kitu, alisimama kushusha mitungi mbele ya mkahawa ulio kando ya barabara, nami nikamsogelea.

"Kijana, punda wako anachechemea."

"Juzi ndiyo alichechemea sana, mzee. Jana nilimdunga sindano. Sasa ameshapoa."

Akamgusa kwa fimbo ubavuni, punda akaondoka, na kichwa kikaendelea kuinuka na kushuka hadi walipopotea kwenye kona.

Mimi si daktari wa mifugo. Kazi yangu ni kufundisha isimu, na aghalabu kazi hiyo humfanya mtu alisikie neno kabla hajamwangalia vyema aliyelitamka. Neno lililonikaa sikioni siku ile ni hilo: ameshapoa. Kijana hakusema uongo. Joto la uvimbe lilikuwa limepungua, na mnyama aliyekataa kutembea juzi alikuwa anatembea. Hata hivyo punda yule hakuwa amepona, na kwa jinsi nilivyoelezwa baadaye na mwenzangu anayefundisha tiba ya mifugo, siku ile alikuwa katika hatari kubwa kuliko siku aliyokataa kutembea.

Naomba msomaji anivumilie kidogo katika mambo ya lugha. Vitenzi kupoa na kupona vinakaribiana kwa sauti, hata wanafunzi wangu wengine hudhani kuwa kimoja kimezaliwa na kingine. Sivyo. Kupoa kilikuwa na sauti ya l katikati, ikadondoka kama ilivyodondoka katika maneno mengi ya Kiswahili. Ndiyo maana kisababishi chake ni poza, ilhali cha pona ni ponya. Kikuyu, ambacho husikika sana Embulbul sambamba na Kimaasai, kimevitenga viwili hivi mpaka leo: moto na hasira huhora, mgonjwa huhona. Katika Kiswahili mpaka huo ulianza kufifia zamani. Kamusi za kale huipa poza maana mbili, kupunguza joto na kutibu, na vijana wetu wa mijini wameimaliza kazi, kwani mtu akijuliwa hali siku hizi hujibu "poa" na mazungumzo yakaisha. Siwalaumu. Binadamu akisema amepoa ilhali hajapona, kesho atajisahihisha mwenyewe. Punda hana nafasi hiyo.

Wasiopafahamu Embulbul wajue kwamba ipo kati ya Karen na mji wa Ngong, pale ambapo Nairobi inakoma na Kajiado inaanza. Upande wa Karen kuna mazizi ya farasi wa kupanda na wa mashindano, na ukiendelea na barabara hiyohiyo ya Ngong kuelekea jijini utaufikia uwanja wa mbio za farasi ambao umetumika tangu 1954. Upande wa Ngong kuna mikokoteni ya punda: ya maji, ya mawe, ya mchanga, ya makaa. Si mbali na hapo kuna kituo cha matatu kiitwacho Vet, jina lililotokana na shamba la serikali la idara ya mifugo. Farasi na punda ni ndugu wa ukoo mmoja, na maumbile ya miguu yao hayapishani sana. Kwa hiyo mambo yanayojulikana kuhusu kumrejeshea farasi wa mashindano mguu wake yanamhusu pia punda wa maji, na ni mambo ambayo kwa sehemu kubwa hayahitaji mashine.

Tuutazame mguu wenyewe. Farasi husimama juu ya ncha ya kidole kimoja katika kila mguu. Ukwato ni ukucha wa kidole cha kati. Tunachokiita goti la mguu wa mbele, kwa hakika ni kifundo cha mkono. Kutoka hapo kwenda chini hamna misuli ya maana. Mna mifupa, ngozi na kano, yaani zile kamba ngumu zinazoiunganisha misuli na mifupa. Farasi wa mbio mwenye uzito wa kilo 450 hadi 500, anapokwenda shoti kwa kasi inayozidi kilomita 60 kwa saa, hufikia nukta ambapo mguu mmoja wa mbele unabeba zaidi ya uzito wa mwili wake mzima. Kano ya nyuma ya muundi hurefuka na kurudi kama mpira, mara baada ya mara. Joto la ndani yake limepimwa likafikia nyuzi 45, joto ambalo chembe nyingi za mwili haziwezi kulistahimili kwa muda. Punda wa Embulbul haendi kasi hiyo, lakini mzigo uliopita kiasi, kwato zilizorefuka bila kupunguzwa, na barabara yenye mashimo humfikisha palepale polepole.

Nyuzi za kano zikikatika, damu huvuja ndani, mguu hufura na kuwa moto. Katika siku mbili za mwanzo kupoza ndiyo tiba yenyewe: maji baridi au barafu kwa dakika ishirini hivi kila mara, bendeji iliyofungwa kwa uangalifu, na utulivu. Hapo poza na ponya ni kitu kimoja, na labda ndipo wazee wetu walipoanza kuyachanganya maneno. Lakini baada ya hapo huanza kazi isiyoonekana kwa macho. Mwili huziba pengo kwa kovu. Kovu changa ni dhaifu, na nyuzi zake zimelala shaghalabaghala kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe. Zinatakiwa zinyooke zielekee upande mmoja, na kinachozinyoosha ni kutembea, tena kutembea kwa kipimo. Madaktari wa farasi huagiza mgonjwa atembezwe kwa kamba dakika kumi hivi kwa siku. Wiki zinazofuata huongezwa dakika tano, kisha tano nyingine. Mwezi wa tatu au wa nne huruhusiwa kwenda matiti kidogo. Shoti hungoja miezi tisa, kumi na miwili, pengine zaidi. Katikati ya safari hiyo mguu hutazamwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ileile inayotumiwa kumtazama mtoto tumboni mwa mamaye. Na baada ya yote hayo, kovu halirudi kuwa kano. Hubaki gumu kuliko nyama ya jirani yake, na farasi wengi huumia tena papo hapo.

Sasa tazama mtego ulipo. Maumivu huondoka mapema mno. Wiki chache baada ya kuumia, mnyama hachechemei tena, uvimbe umeshuka, anakula vizuri, ilhali ndani ya mguu mna kovu la wiki chache. Mwenye kumiliki humwona amepoa, akamrudisha kazini. Sindano ya kutuliza maumivu huufupisha muda huo zaidi, kutoka wiki chache hadi usiku mmoja. Maumivu yalikuwa askari wa zamu mlangoni. Askari ameondolewa, na mlango bado haujatiwa komeo.

Asidhani mtu kwamba kosa hili ni la umaskini, au la ujinga wa watu wa mikokoteni. Kwa karne nyingi madaktari wa Ulaya waliichoma miguu ya farasi kwa chuma cha moto, wakiamini kwamba jeraha jipya litaamsha damu ikaliponye la zamani. Wafugaji wengi wa Afrika Mashariki wamefanya vivyo hivyo kwa ng'ombe na punda, na makovu hayo bado unaweza kuyaona mnadani. Mwaka 1983 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao wa miaka kadhaa, na wakaona kwamba kuchoma hakukuisaidia kano kupona. Kwa nini basi watu wenye akili zao walishikilia kwa muda mrefu hivyo kwamba kunafaa? Jibu ambalo wengi wamelitoa ni jepesi: farasi aliyechomwa hapandiki kwa miezi mingi. Mapumziko yakamponya, sifa ikachukuliwa na moto.

Mwaka 1968, huko Marekani, farasi aliyeitwa Dancer's Image alitangulia wenzake katika Kentucky Derby, mashindano makubwa kuliko yote ya nchi hiyo. Mkojo wake ulipopimwa, ikaonekana chembe za fenilibutazoni, dawa ya kupunguza uvimbe na maumivu, akanyang'anywa ushindi. Ilijulikana kwamba vifundo vya miguu yake vilikuwa vibovu. Kesi yake ilizunguka mahakamani kwa miaka. Wenye farasi yule walikuwa matajiri, na pia walikuwa na madaktari. Walichokikosa kijana wa Embulbul wao walikuwa nacho, na bado swali likawa lilelile, mnyama amepona au amepozwa?

Hata mashine za leo hazijalikwepa swali hilo. Kuna mawimbi ya mshtuko, yaliyobuniwa kwanza kwa ajili ya kuvunjavunja mawe ya figo za binadamu, ambayo sasa hupigwa kwenye kano na mifupa ya farasi. Yana manufaa kwa baadhi ya majeraha. Lakini kwa siku kadhaa baada ya kupigwa huyafifiza maumivu pia, na ndiyo maana wasimamizi wa mbio katika nchi nyingi humkataza farasi kushindana mara tu baada ya tiba hiyo. Kuna seli shina, zinazotolewa katika uboho wa farasi mwenyewe, zikakuzwa maabarani na kurudishwa ndani ya kano iliyopasuka. Taarifa za kwanza za kutumiwa kwake zilitoka London mwaka 2003, na matokeo tangu hapo yanatia moyo. Ila farasi aliyedungwa seli hizo naye huagizwa takriban mwaka mzima wa kutembezwa kwa kipimo. Kuna mabwawa ya kuogelea na mashine za kutembea ndani ya maji, ambazo humfanya mnyama atumie mapafu na misuli bila kuutwika mguu uzito wote. Hizo nazikubali. Kuhusu mablanketi ya sumaku, yanayouzwa kwa bei ya kustaajabisha, ushahidi ni haba, na binafsi ningenunua ndoo ya barafu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Seabiscuit. Farasi huyo wa Marekani alipasuka kano ya mguu wa mbele wa kushoto mnamo Februari 1939, na wengi wakadhani habari zake zimekwisha. Mpandaji wake, Red Pollard, naye alikuwa amevunjika mguu mwaka uliotangulia. Wakapelekwa wote wawili katika ranchi ya tajiri wao kule California, wakawa wanatembea pamoja, vilema wawili, kidogo leo, kidogo zaidi kesho. Tarehe 2 Machi 1940 wakarudi uwanja wa Santa Anita wakashinda mashindano makubwa ambayo yalikuwa yamewaponyoka awali. Hapakuwa na seli shina wala leza. Palikuwa na mwaka mmoja, na mtu aliyeweza kuugharimia.

Na Barbaro? Alishinda Kentucky Derby mwezi wa Mei 2006. Wiki mbili baadaye, katika mashindano yaliyofuata, mguu wake wa nyuma wa kulia ukavunjika vipande zaidi ya ishirini. Madaktari wa Pennsylvania wakauunga kwa bamba na skurubu 27, wakamzindua usingizini akiwa ndani ya bwawa ili asijipige akiamka. Mguu ule ulielekea kupona. Kilichomuua ni mguu wa pili, wa kushoto, uliobeba uzito wa mwenzake miezi yote hiyo hadi nyama ya ndani ya ukwato ikaharibika. Alidungwa sindano ya kifo tarehe 29 Januari 2007. Nimelitaja hili kwa sababu moja. Wanaopenda mashine hudhani fedha zikitosha kila kitu huponyeka; lakini mnyama huyu ameumbwa kusimama kwa miguu minne, na ukimnyima mmoja, mitatu iliyosalia huanza kudai.

Narudi Embulbul, maana huko ndiko shida iliko. Wiki iliyofuata nilimtafuta yule kijana, nikampata mahali anapoteka maji. Nikamweleza yale niliyoelezwa: apumzishe mnyama, ammwagie maji baridi, amtembeze kidogokidogo. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Miezi mingapi, mzee?"

"Sita. Pengine zaidi."

"Akilala huyu, na sisi nyumbani tunalala njaa."

Sikuwa na jibu. Msomi akikosa jibu huenda nyumbani akaandika makala, nami ndivyo nilivyofanya. Lakini nimejitahidi kuyafikiria maneno yale kabla ya kushika kalamu. Farasi wa Karen anapoumia, mwenyewe hapotezi chakula cha jioni. Mwendesha mkokoteni hupoteza chakula siku hiyohiyo. Maji baridi anayo, kwani ndiyo biashara yake. Kamba ya kumtembezea mnyama anayo. Dakika kumi anazo. Dawa asiyoweza kuinunua ni siku, na hakuna duka la dawa za mifugo linaloziuza. Hivyo hununua kinachouzwa, sindano ya kupoza, naye mwenye duka humuuzia bila kuuliza anayeumwa ni mguu upi.

Kwa miaka kadhaa palikuwa na njia nyingine, mbaya zaidi. Kuanzia 2016 vilifunguliwa vichinjio vya punda nchini, hadi vikafika vinne: Naivasha, Mogotio, Machakos na Turkana. Walichotafuta wanunuzi hasa ni ngozi, ambayo nchini Uchina huchemshwa ikatoa gundi inayotumiwa kama dawa. Punda mwenye mguu mbovu, ambaye zamani angepumzishwa kwa kukosa la kumfanyia, akawa na bei. Wizi ukaenea, Kajiado ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia, na kina mama wa Kimaasai waliokuwa wakichota maji kwa punda wakajikuta wakibeba mitungi migongoni. Sensa ya 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8 nchini, ile ya 2019 ilihesabu takriban milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo Februari 2020, Mahakama Kuu ikaitangua marufuku hiyo mwaka 2021, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana mjini Addis Ababa kuuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote kwa miaka 15. Nayaunga mkono maazimio hayo kwa moyo wote. Lakini azimio linalomzuia mtu kumuuza punda kilema halimsaidii kumuuguza. Punda jike huchukua mimba kwa takriban mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Aliyepotea leo hachukuliwi nafasi yake kesho.

Lamu wametutangulia. Katika mji ule ambao vichochoro vyake havipitishi gari, punda ndiye lori na ndiye teksi, na tangu 1987 kuna kituo cha tiba kilichowekwa na shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary, ambapo punda hutibiwa bila malipo. Watu wa Lamu hushindanisha punda pia, na mshindi huheshimiwa mjini. Nadhani si sadfa kwamba pwani ndiko Kiswahili kilikotunza majina ya mwendo wa wanyama hawa: telki ni mwendo wa haraka bila kukimbia, matiti ni mbio nyepesi za kudundadunda, shoti ni mbio za kutoka roho. Bara tumeyapoteza, tunasema "anatembea" na "anakimbia" basi. Hasara yake si ya kamusi peke yake. Mnyama anayechechemea kidogo haonekani katika telki. Huonekana katika matiti, kwa sababu hapo miguu hukanyaga miwiliwili ya mshazari na kila mguu unalazimika kubeba zamu yake waziwazi. Mguu wa mbele wenye maumivu unapogusa ardhi, kichwa huinuka. Mguu mzima unapogusa, kichwa hushuka. Mtoto wa darasa la tano anaweza kufundishwa jambo hilo kwa nusu saa uani mwa shule, na akiisha kulijua hatalisahau. Punda, fauka ya hayo, ni hodari wa kuficha maumivu kuliko farasi. Akionyesha kidogo, jua anaumwa sana.

Walimu wa Embulbul, Ngong na Kitengela mnanielewa. Wengi wa wanafunzi wenu hunywa maji yaliyoletwa na mnyama huyu, na baadhi yao humwendesha wenyewe jioni na siku za Jumamosi. Somo la sayansi lina nafasi ya mguu wa punda. Somo la Kiswahili nalo lina nafasi ya telki na matiti, na ya tofauti ya kupoza na kuponya.

Kuhusu siku za kupumzika, nina pendekezo moja ninalolitetea. Waendeshaji mikokoteni wengi tayari wamo katika vyama vya akiba, kila mtu akitoa chake kwa wiki na fungu likizunguka. Chama cha watu kumi na wawili kikinunua punda mmoja wa ziada, asiye wa mtu, punda huyo atakuwa wa zamu: atamshikia nafasi yeyote atakayeumia, na mwenye mkokoteni atalipa kidogo kwa chama kila siku anapomtumia, ilhali wake anauguzwa nyumbani. Punda kumi na watatu kwa watu kumi na wawili. Kaunti ya Kajiado ingeweza kuchangia ununuzi wa huyo wa kumi na tatu kwa gharama ndogo kuliko ya mikutano mingi ninayoijua. Kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kipo Kabete, si mbali. Wanafunzi wake wanahitaji miguu ya kujifunzia, na miguu tele iko hapa. Sheria nayo ipo: Sura ya 360 inakataza kumtwika mnyama mzigo kupita kiasi. Siipigii debe sana, kwa kuwa askari atamkamata kijana wa mkokoteni, na aliyeagiza maji mengi kuliko mzigo wa punda mmoja hataguswa.

Najua atakuwepo atakayesema kwamba nchi yenye watu wanaorudishwa kutoka hospitali bila dawa haina haja ya kuzungumzia miguu ya punda. Hoja hiyo nimeisikia hata katika ukumbi wa walimu wa idara yangu. Ningemwomba aliyeitoa aende Embulbul siku mbili mfululizo bomba likiwa kavu, ahesabu mitungi anayovuta punda mmoja tangu alfajiri hadi magharibi, kisha aniambie ni migongo ya nani itakayoibeba punda huyo akianguka.

Juma lililopita nilipita tena. Mkokoteni niliuona kwa mbali, lakini punda alikuwa mwingine, mweusi, mwenye kwato zilizokatwa vizuri.

"Na yule wa kijivu?" nikamuuliza, moyo ukinienda mbio.

"Yuko nyumbani, mzee. Wiki ya tano hii. Huyu ni wa shemeji yangu, namlipa kwa siku. Faida imebaki kidogo sana."

Alinipeleka kumwona, nyuma ya nyumba za mabati. Uvimbe ulikuwa umeshuka, mguu haukuwa na joto nilipouwekea kiganja. Kijana akamshika kamba, akamtembeza hadi kwenye ua wa jirani na kurudi, na sikuona kasoro yoyote. Nikamwomba amwendeshe matiti, hatua chache tu, kisha asimame. Alipoanza kudunda, kichwa kikainuka, kidogo, kila mguu wa kushoto ulipogusa ardhi.

"Bado," nikasema.

"Nimekiona," akajibu, akamfungia kamba kwenye nguzo na kwenda kumletea maji.